Macia, Wahi, langalanga au uwele wa Okoa: mbegu ipi Dodoma, na namna ya kuipima kabla ya kuiamini

Mtu akipewa jedwali la majaribio ya mbegu, jicho hukimbilia safu ya mavuno. Anatafuta namba kubwa kuliko zote, anasoma jina lililo mbele yake, anaenda nalo dukani. Kwa Dodoma, hiyo ni njia ya mkato ya kununua mbegu isiyomfaa. Namba ile mara nyingi ni wastani wa vituo kadhaa, na baadhi yake vina mvua na udongo ambao Bahi au Mvumi haviujui. Tena vituoni palizi ilifanyika kwa wakati, miche ilipunguzwa na ndege walifukuzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Mkulima wa huku ana swali lake: mvua ikikata Februari, mbegu ipi itaniachia kitu cha kuweka kihengeni?

Hapa tunalinganisha mbegu za mtama na uwele ambazo mkulima wa mkoa huu anakutana nazo zaidi, kisha tunaeleza namna ya kuzipanda bega kwa bega shambani kwako ili jibu litoke kwenye udongo wako mwenyewe.

Kalenda ndiyo inayochuja kwanza

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka wa kawaida jumla huwa kati ya milimita 500 na 600. Shida kubwa si jumla hiyo, ni mgawanyo wake: mara nyingi kuna wiki mbili au tatu kavu kabisa kati ya mwisho wa Januari na Februari.

Piga hesabu hii kabla ya kuuliza bei ya mbegu. Ukipanda tarehe 15 Desemba na mvua ya mwisho ikanyesha tarehe 4 Aprili, umepata siku 110 za mvua. Macia huhitaji siku 115 hadi 120 kukomaa, kwa hiyo itamalizia kwa unyevu uliobaki ardhini, na kwenye tifutifu yenye kina itamaliza vizuri. Mtama wa kienyeji unaokaa shambani zaidi ya miezi minne utakuwa bado unajaza punje udongo ukiwa umekauka. Sasa chukua shamba lililopandwa tarehe 10 Januari, kwa sababu mvua ilichelewa au ng'ombe wa kulimia walikuwa kwa jirani. Mvua hiyohiyo ikiisha tarehe 4 Aprili, shamba limepata siku 84 tu. Macia itakuwa imechanua, lakini punje bado ni maziwa. Kwa tarehe hiyo tungeacha Macia na kwenda kwenye aina fupi zaidi au uwele wa mapema, hata kama jedwali la kituo linaonyesha Macia imeongoza.

Zinazoshindana

| | Macia | Wahi na Hakika | Mtama mrefu wa kienyeji | Uwele: Okoa na Shibe |
|---|---|---|---|---|
| Muda shambani | siku 115–120 | za mapema | zaidi ya miezi minne, hutegemea mbegu | mapema kuliko uwele mwingi wa kienyeji |
| Udongo | tifutifu, au mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) isiyotuamisha maji | kama Macia, hasa penye kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mtama) | hubadilika kijiji na kijiji | kichanga, hata chenye rutuba ndogo |
| Ndege | huipenda sana | huzipenda sana | hutegemea rangi na ladha ya punje | huupenda sana |
| Mabua | mafupi, majani hukaa mabichi | si ya kujengea | marefu, ya uzio na mifugo | ya wastani |
| Kurudia mbegu | inawezekana kwa uangalifu | inawezekana kwa uangalifu | ndiyo desturi | ngumu, hujichanganya haraka |

Macia ndiyo maarufu kuliko zote, na umaarufu huo una sababu. Ilitokana na kazi ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, ya kuboresha mtama na uwele kwa nchi za kusini mwa Afrika, iliyokuwa na makao Matopos, Zimbabwe. Msumbiji iliiidhinisha kwanza, mwaka 1989, na Tanzania ikafuata mwaka 1999. Ni fupi, mita 1.3 hadi 1.5, yenye suke kubwa lililojaa na punje nyeupe zisizo na ukakasi. Majani yake huchelewa kukauka hata punje zikiwa zimekomaa, kwa hiyo ng'ombe wanapata malisho bora kuliko ya mabua yaliyokwisha kuwa kuni. Viwanda vya bia vinavyotumia mtama mweupe huutafuta mtama wa aina hii. Ufupi wake unapunguza kuanguka upepo ukipiga, na unarahisisha kuvuna kwa kisu ukiwa umesimama.

Udhaifu wake ni ndege na kiduha. Punje nyeupe tamu kwenye suke la kufikiwa kirahisi ni karamu ya kweleakwelea. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka kundi la maelfu litue shambani kwako siku kumi mfululizo. Familia isiyo na mtu wa kuamia shamba alfajiri na jioni kwa wiki tatu hivi, kuanzia punje zikiwa maziwa, isipande ekari tatu za Macia peke yake pembezoni mwa kijiji. Ipande kwa pamoja na majirani, tarehe zikaribiane, ili hasara igawanyike.

Wahi na Hakika ziliidhinishwa Tanzania mwaka 2002, na zilitokana na uzalishaji wa Profesa Gebisa Ejeta wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya mtama. Sifa yao ni kustahimili kiduha. Mbegu ya kiduha ni vumbi jeusi lisiloonekana vizuri kwa macho, na hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi ikisubiri. Haioti mpaka mzizi wa mtama utoe kemikali fulani karibu yake. Mizizi ya aina hizi mbili hutoa kemikali hiyo kidogo, kwa hiyo kiduha kingi hakipati ishara ya kuamka. Kumbuka ni kidogo, si sifuri. Shamba lililojaa kiduha likipandwa Wahi mwaka baada ya mwaka bila kubadilisha mazao, kiduha kitaendelea kuwepo, tena vichache vinavyopenya vitatoa mbegu kwa maelfu. Mzunguko wa karanga, kunde au alizeti ndio unaoipa aina hii nafasi ya kufanya kazi yake. Na kama shamba lako halina kiduha, sababu kubwa ya kuichagua mbele ya Macia inaondoka.

Mtama mrefu wa kienyeji, langalanga, lugugu na jamaa zake, wataalamu wengi huupita haraka mno. Unachelewa, ndiyo. Una mavuno madogo mwaka mzuri, ndiyo. Lakini mabua yake yanajenga uzio na kuezeka kibanda cha kuamia, baadhi ya mbegu zina punje ngumu ambayo fukusi huiona kama jiwe, na palizi ikichelewa kwa wiki moja hauzamishwi na magugu kama mtama mfupi. Tena langalanga ya kijiji kimoja si lazima iwe langalanga ya kijiji cha pili, kwa hiyo usichukue sifa za mbegu ya Kongwa ukaziandika kwa ya Manyoni. Huu ndio wa kuwekwa kwenye kila jaribio kama kipimo. Bila mbegu ya nyumbani pembeni, hujui kama aina mpya imefanya vizuri au ni mwaka tu uliokuwa mzuri.

Mtama wa hudhurungi kama Serena, mbegu ya zamani iliyotoka Serere, Uganda, una nafasi moja: pale ndege wanapotawala. Ukakasi wake huwafukuza punje zikiwa changa, lakini ukakasi huohuo unakufuata mpaka kwenye ugali. Na usihukumu kwa rangi ya nje. Paruza punje kwa wembe taratibu: chini ya ganda, ukiona utando wa kahawia unaozunguka kiini cheupe, ukakasi upo. Punje nyekundu isiyo na utando huo ni tamu tu, na ndege wanajua hilo kabla yako.

Kwa uwele, Okoa na Shibe zilitoka mwaka 1994 na bado zinatajwa kuliko nyingine. Kwenye mchanga mwepesi ambako mtama hugeuka njano kwa kukosa chakula, uwele huendelea. Ukavu ukiua shina la kwanza, hutoa machipukizi mengine ya pembeni na kurudisha sehemu ya mavuno. Kinachoushinda ni maji kutuama. Kwenye mbuga nyeusi iliyojaa maji ya Januari, mtama utasimama na uwele utaoza mizizi. Kama una mashamba mawili, moja mchanga na moja mbuga, swali la uwele au mtama limeshajibiwa na udongo.

Ulezi tumeuweka pembeni makusudi. Unataka mvua zaidi, na maeneo ya juu ya Kondoa na sehemu za Singida yanaufaa kuliko tambarare za Chamwino. Palizi ya kwanza huhitaji jicho kali kwa sababu ulezi mwitu hufanana na miche yake mpaka utoe suke. Bei yake nzuri hulipa kazi hiyo, kama una watu wa kuifanya.

Jaribio lako mwenyewe

Si lazima uwe kituo cha utafiti. Kikundi cha wakulima na afisa ugani mmoja wanaweza kupata jibu la kuaminika kwa eneo kama moja ya kumi ya ekari. Aina nne zinatosha: tatu unazozifikiria na moja ya nyumbani. Zikizidi sita, kazi ya kupima inawashinda watu wiki ya mavuno, na data hufia hapo.

Kipande cha kila aina kiwe mistari sita, kila mstari mashimo 17. Kati ya mstari na mstari acha sentimita 75, kati ya shimo na shimo 30. Kila aina irudiwe mara tatu, vipande vikipangwa kwa bahati nasibu ndani ya kila rudio. Kata vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa. Ukipanga kwa kichwa chako, bila kujua utaweka ile unayoipenda karibu na kichuguu chenye rutuba. Marudio yapangwe kufuata mteremko: rudio la kwanza lote juu, la pili lote katikati, la tatu lote chini. Hivyo tofauti ya unyevu wa juu na chini haitaangukia aina moja peke yake.

Usiweke jaribio mahali palipokuwa zizi mwaka juzi, chini ya mbuyu wala kwenye njia ya mbuzi.

Kwa kipande kimoja gramu 20 za mbegu ya mtama zinatosha, kwa hiyo gramu 100 za kila aina zinapanda marudio yote na kubakiza za kupima uotaji. Pima uotaji mapema: punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, ziviringishe, hesabu zilizoota siku ya saba. Aina iliyo chini ya 80 ipandwe punje nyingi zaidi kwa shimo, vinginevyo utakuwa unalinganisha umri wa mbegu na kuuita ulinganisho wa aina.

Hapa kuna mtego ambao majaribio mengi ya vijijini huuangukia. Mbegu ya dukani imepakwa dawa, ile ya nyumbani haijapakwa. Fugwe, ule ugonjwa unaogeuza punje kuwa vifuko vya unga mweusi, husafiri juu ya mbegu. Kwa hiyo ya nyumbani inapata fugwe, ya dukani haipati, na watu wanaandika kwamba aina mpya inastahimili fugwe. Ama zote zipakwe dawa, ama zote zisipakwe.

Panda zote siku moja. Ukichelewesha aina moja kwa siku kumi, inzi wa mtama huikuta ikiwa ndogo: jani la katikati hukauka, ukilivuta linachomoka lenyewe na ncha yake inanuka uozo. Hilo ni kosa la tarehe, aina haihusiki. Mashimo yasiyoota yajazwe ndani ya siku saba hadi kumi, baada ya hapo yaache. Miche ipunguzwe wiki ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na unyevu, ibaki miwili kwa shimo.

Mbolea iwe ile utakayoitumia kweli. Kama msimu ujao utaweka kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, weka hicho kwenye vipande vyote. Kama hutanunua mbolea, usiiweke kwenye jaribio, maana aina zinazoshinda kwenye mbolea si lazima ziwe zinazoshinda bila mbolea.

Mambo ya kuandika si mengi: tarehe ya kupanda, tarehe ambayo nusu ya mimea ya kipande imechanua, idadi ya viduha vilivyochomoza wiki ya 8, ya 10 na ya 12, idadi ya masuke yaliyovunwa, uzito wa punje. Na mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka, lililowekwa wazi mbali na miti, na rula ya shule ya kulipimia kila siku saa moja asubuhi, linatosha. Bila rekodi ya mvua hutajua kwa nini aina moja ilianguka. Ukavu wa wiki mbili ukiikuta ikichanua, utaihukumu vibaya, na mwaka unaofuata ukavu huohuo ukija wiki mbili baadaye utaangukia nyingine. Ndiyo maana msimu mmoja hautoshi. Asiyeweza kungoja misimu miwili apande jaribio mara mbili msimu uleule, la pili wiki tatu baada ya la kwanza.

Kiduha kinahitaji tahadhari yake. Hakitapakai sawasawa; hukaa kwa mafungu. Kipande kimoja kinaweza kuwa na viduha 80 na cha pili yake kuwa na viwili, aina ikiwa ni hiyohiyo. Hesabu ikipishana hivyo kati ya marudio, usiseme aina fulani inastahimili. Chora ramani ya mafungu kwanza, msimu ujao upande jaribio la kiduha juu ya mafungu hayo.

Ndege wanavyoharibu hesabu

Kwenye jaribio dogo lenye aina za umri tofauti, ile inayowahi kutoa maziwa huwa ndiyo chakula pekee kilichopo eneo zima. Ndege wote wanaishia hapo. Aina ya mapema inaonekana dhaifu, kumbe ingepandwa ekari nzima na majirani nao wakaipanda, hasara ingekuwa ndogo zaidi. Kinyume chake hutokea kwa kijidudu kinachotaga kwenye maua ya mtama: huzaliana kwenye aina za mapema, kisha kundi lote huhamia kwenye aina inayochelewa na kuacha masuke yenye ganda tupu.

Ili kutenganisha mavuno ya aina na chakula cha ndege, kwenye kila kipande vika masuke kumi vifuko vya chandarua mara punje zinapoanza maziwa. Usitumie mifuko ya plastiki wala karatasi nzito, maana joto na unyevu huleta ukungu. Wakati wa mavuno pura masuke kumi yaliyovikwa na kumi yanayofanana nayo yaliyokuwa wazi. Tofauti ya uzito ndiyo sehemu ya ndege. Kama Macia iliyofunikwa imetoa mara mbili ya iliyo wazi, umejua bei ya kuamia shamba kwa kilo, na unaweza kuamua kama una watu wa kazi hiyo.

Kuvuna na kupima

Usivune mistari ya pembeni. Mtama mrefu wa kienyeji ulio jirani na Macia huiba jua la mstari wa kwanza wa Macia, na wenyewe hunufaika kwa nafasi ya ziada. Vuna mistari minne ya katikati, ukiacha shimo moja kila mwisho wa mstari. Hapo unabaki na mashimo 60, eneo la mita 3 kwa 4.5, yaani mita za mraba 13.5. Vipimo hivi vimechaguliwa kwa sababu moja: ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kilo za kipande ukizizidisha kwa 300 unapata kilo kwa ekari. Kipande kikitoa kilo 2.7, ni kilo 810 kwa ekari, magunia nane ya kilo mia na kidogo.

Kuzidisha kwa 300 kunazidisha makosa pia. Mzani wa kuning'iniza unaokosea gramu 100 unakupa kosa la kilo 30 kwa ekari. Azima mzani wa dukani unaosoma gramu.

Unyevu nao hudanganya. Aina inayochelewa huvunwa ikiwa na maji zaidi na huonekana nzito. Kilo 3 zenye unyevu wa asilimia 18 ni sawa na kilo 2.8 zikikaushwa hadi asilimia 12.5, na kwa ekari tofauti hiyo inakaribia kilo 57. Mwenye kipima unyevu arekebishe: toa unyevu kwenye mia, zidisha jibu kwa uzito, kisha gawa kwa 87.5. Asiye nacho aanike zote kwenye turubai moja mpaka punje ipasuke kwa mlio ikiumwa, azipime zote siku moja.

Mashimo yaliyokufa yahesabiwe na kuandikwa, lakini usiongeze mavuno kwa uwiano. Mimea iliyo jirani na pengo hunenepa na kufidia sehemu yake.

Kusoma majibu

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, aina A imetoa magunia 14, 11 na 2 kwa ekari katika vijiji vitatu, na aina B imetoa 9, 8 na 7. Wastani wa A ni 9, wa B ni 8. Jedwali la mkoa litaiweka A juu. Lakini kijiji cha tatu ndicho chenye mchanga na mvua iliyokatika, na mkulima mwenye shamba la namna hiyo akifuata wastani atavuna magunia mawili. Soma safu ya kituo kinachofanana na shamba lako, kisha soma safu ya kituo kilichofanya vibaya kuliko vyote. Wastani uwe wa mwisho. Anayelima kwa soko na ana akiba anaweza kubeba A. Anayelima ili watoto wale mpaka Machi inayofuata, kwetu jibu ni B bila mjadala mrefu.

Kabla hujaamini tofauti yoyote, angalia marudio ya aina moja. Kama langalanga peke yake imetoa magunia 4, 7 na 5 kwenye vipande vyake vitatu, shamba lenyewe linatofautiana kwa magunia matatu. Aina iliyoizidi wastani kwa gunia moja haijaizidi kitu. Hapo ndipo mashamba mengi yanaposaidia: wakulima wanane, kila mmoja na rudio moja la aina zilezile, wanakupa picha nzuri kuliko marudio manane kwenye shamba la mwenyekiti. Aina iliyoishinda ya nyumbani kwenye mashamba saba kati ya manane ina neno, hata kama kila ushindi ni mdogo. Iliyoshinda manne na kushindwa manne, waulize wenye mashamba hayo wana udongo gani.

Jikoni na sokoni

Chukua kilo 5 za kila aina, zikobolewe na mashine moja au kwenye kinu na mikono ileile, kisha pima kinachobaki. Punje laini hupondeka na kutoka pamoja na pumba, kwa hiyo aina yenye mavuno makubwa shambani inaweza kurudi sawa na nyingine ikifika kwenye unga. Ugali upikwe bila kutaja majina, uliwe kwa mlenda kama siku zote, na sehemu nyingine ilazwe mpaka asubuhi. Ugali unaomeguka au kutoa maji asubuhi hautakubaliwa na mama wa nyumba, na asipoukubali, msimu wa pili mbegu hiyo haitapandwa hata ingekuwa na cheti gani. Wanaopura waulizwe pia: kuna aina ambazo makapi hung'ang'ania punje, na siku mbili za ziada za kupura hazionekani kwenye jedwali lolote.

Kwa soko la bia, mchanganyiko wa rangi ni hasara. Gunia la Macia lenye punje za kahawia zilizoingia kutoka kwa jirani linaweza kurudishwa. Kama kijiji kizima kinauza kwa mnunuzi mmoja, kijiji kizima kipande aina moja nyeupe upande mmoja, na mtama wa kula wa rangi nyingine ukae upande wa pili.

Mbegu ya msimu unaofuata

Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Ukichagua masuke yanayofanana kutoka katikati ya shamba, mbali na mtama mwingine, Macia itabaki Macia kwa misimu kadhaa. Uwele ni tofauti: vipokeo vya maua hutokeza kabla ya chavua ya suke lenyewe, kwa hiyo hupokea chavua ya jirani kwanza. Okoa iliyopandwa mita 50 kutoka uwele wa kienyeji ni mchanganyiko tayari msimu unaofuata. Chagua masuke mengi, mia kadhaa, kutoka katikati ya shamba kubwa, au nunua mbegu mpya kila baada ya misimu miwili. Mbegu chotara usirudie kabisa.

Masuke ya vipande vya jaribio hayafai kuwa mbegu, kwa sababu aina zote zilichanua mita chache kutoka kwa nyenzake. Mengi huishia kwenye debe la mbegu kwa kuwa yanapendeza. Yasagwe.

Ukinunua, tafuta pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, kwangua namba iliyofichwa na uihakiki kwa simu ukiwa bado dukani. Mawakala wa ASA (Wakala wa Mbegu za Kilimo) na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo ndio pa kuulizia kwanza, na uulize Septemba, kabla wengine hawajaanza kuulizia. Gramu chache zilizobaki za kila aina zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, ndani weka karatasi yenye jina na tarehe ya kununua, kisha uzipime uotaji tena Oktoba kabla ya jaribio la msimu wa pili.